Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Wahenga walionena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa na mengi akilini: madeni, misiba, wana wasiosikia. Lakini mimi kila nipitapo Marikiti ya Mombasa asubuhi husadiki kwamba methali hiyo ilizaliwa kando ya njia, kinywani mwa mtu aliyekuwa akimtazama hamali. Huyoo anakuja mbio mbio, shingo imekaza kama mwimo wa mlango, jasho lamchuruzika hadi kwenye nyusi, na juu ya kichwa chake limetulia gunia ambalo wewe na mimi hatuwezi hata kulisogeza kwa mguu. "Simile! Simile!" apaza sauti. Nasi twampisha, kisha twaendelea kubishana juu ya bei ya vitunguu.

Kurasa za utamaduni zimezoea kuandika juu ya ngoma, mashairi, harusi na mavazi. Ufundi wa kubeba haumo katika hesabu hiyo, kana kwamba kubeba ni nguvu tu, na nguvu hata punda anazo. Nami nasema sivyo. Kubeba ni elimu. Ina vifaa vyake, ina maneno yake na ina walimu wake, na ilitungwa kwa shabaha moja: mzigo ufike, na aliyeubeba naye afike mzima. Elimu hiyo leo inatumiwa vibaya, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

NGATA NA MUKWA

Tuanze na ngata, ambayo wengine huiita kata. Ukiitazama ni kitu cha kudharauliwa: kanga kuukuu, kipande cha gunia au majani ya mgomba yaliyoviringwa yakawa duara. Kazi yake ya kwanza ni kuukinga utosi usichunwe. Kazi ya pili ni kubwa zaidi. Kichwa ni mviringo, na mzigo kwa kawaida una kitako kilicho bapa. Bila ngata mzigo hugusa mahali padogo tu, ukayumba, na kila unapoyumba ni shingo inayolazimika kuukamata. Ngata huutandaza uzito na kuukalisha juu ya mstari wa uti wa mgongo. Ukishakaa hapo mifupa hubeba sehemu kubwa, misuli ikapata nafuu.

Kwa wenzetu wa bara kuna mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mwanamke wa Kikikuyu huupitisha juu ya paji la uso, mzigo wa kuni ukaning'inia mgongoni naye ameinama mbele kidogo. Wako wakongwe ambao mukwa umewaachia bonde katika paji, alama ya miaka mingi ya kuni na maji.

Mwaka 1986 jarida la kisayansi liitwalo Nature lilichapisha uchunguzi uliofanywa na Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake kutoka ng'ambo. Waliwapandisha wanawake wa Kijaluo, wenye kubeba kichwani, na wa Kikikuyu, wenye kubeba kwa mukwa, juu ya mashine ya kutembelea, wakapima hewa waliyovuta. Matokeo yaliwashangaza wazungu, ingawa sidhani yaliwashangaza akina mama wenyewe. Mzigo ulipokuwa hauzidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu yoyote ya ziada. Mwanamke wa kilo 60 aliweza kutembea na kilo 12 kama mtu aliyekunja mikono. Wanajeshi waliobeba mifuko mgongoni hawakuwa hivyo. Kila kilo iliyoongezwa waliilipia kwa pumzi.

Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu. Mtu anapotembea mwili wake hupanda na kushuka kama timazi inayobembea, na katika kila hatua nguvu fulani hupotea bure. Wanawake hao, wakishatwishwa, hubembea kwa ustadi zaidi kuliko walivyokuwa watupu, na kile kilichokuwa kikipotea ndicho kinachobeba mzigo. Hawakufundishwa shuleni. Walianza wakiwa wasichana wadogo, na kitungi kidogo.

Haifai hata hivyo tuipambe habari hii kupita kiasi. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2010 juu ya wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuuona uokozi huo wa nguvu, na wanawake wenyewe walilalamikia shingo. Na hata wale wa kwetu, mzigo ulipozidi ile sehemu moja ya tano, walianza kuulipia kama watu wengine. Naomba msomaji aikumbuke sehemu hiyo moja ya tano, kwa sababu tutakutana nayo tena sokoni.

FRASILA MBILI

Kabla ya reli, mizigo ya nchi hizi ilisafiri juu ya watu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Mombasa kwenda bara ilitegemea wapagazi, na waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Wao walipendelea bega. Watu wa pwani walipendelea kichwa. Nguo, shanga na nyaya zilifungwa kwa kipimo ambacho mtu mmoja aliweza kwenda nacho kutwa, siku baada ya siku: kama frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Bunda la namna hiyo liliitwa mtumba. Neno hilo bado twalitumia kila siku, ila siku hizi mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, na robota moja linaloshushwa Gikomba huwa la kilo 45 hivi.

Sisemi kwamba upagazi ulikuwa raha. Watu walikufa njiani, na biashara ile ilikuwa imechanganyika na utumwa. Lakini Mnyamwezi aliyejiajiri kwa hiari alikuwa na sauti juu ya uzito. Akiona mtumba umezidi aliutua chini, wenzake wakautua wao pia, na msafara ukalala palepale mpaka mwenye mali afungue na kupunguza.

Sauti hiyo ilinyamazishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale serikali ya Kiingereza ilipowakusanya wapagazi kwa nguvu kuyabebea majeshi yake. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wao wakiuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo. Na pale Nairobi kwenye sanamu ya askari, katika barabara ya Kenyatta, maandishi yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mgongo haukutajwa.

Kisha ikaja bandari. Gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa Kilindini mwaka 1926, na kwa miaka mingi karibu kila kilichoingia au kutoka kilipita mikononi mwa makuli: kahawa, saruji, sukari, magadi. Winchi ilitoa mzigo ndani ya meli ukiwa katika wavu, lakini kuujaza wavu huo, kuutoa humo na kuupanga ghalani ilikuwa kazi ya watu. Kuli alikuwa na kulabu yake ya chuma, ambayo ilimwezesha kulivuta gunia bila kuinama mpaka chini na bila kung'oa kucha.

Alikuwa pia na wimbo. Mmoja huitia, wenzake huitikia, na nguvu zote hutoka kwenye kiitikio, si kabla wala baada. Watu waliopita kando walidhani makuli wanajiburudisha. Watu wanne wakiinua sanduku, na mmoja akatangulia kwa nukta moja tu, nukta hiyo sanduku lote ni lake peke yake, na hapo ndipo kiuno hukatika. Wimbo ulikuwa saa yao. Hata neno harambee, kabla halijawa wito wa taifa na halijaandikwa chini ya ngao yetu, lilikuwa ukelele wa watu wa pwani wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja.

MAFUNZO YA MZEE MMOJA

Nimezungumza na mzee mmoja aliyekuwa kuli kabla makontena hayajaenea, kisha akawa hamali wa mjini mpaka nywele zikageuka mvi. Nilimkuta barazani kwake Majengo. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kugeuza shingo. Aligeuka kiwiliwili kizima, kama mlango.

"Mwanangu," aliniambia, "mzigo haubebwi kwa mkono. Mkono ni wa kushika tu. Mzigo wabebwa kwa miguu."

Akanionyesha, kwa fimbo yake badala ya gunia. Kwanza huinami, wachutama. Mzigo uwe karibu na kifua mpaka uusikie harufu. Wakati wa kutwikwa, wawili wainue, wewe uingie chini yake. Asiyekuwa na wa kumtwika asibebe. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo kwanza, kiuno kifuate. Juu ya ubao wa lori usikimbie hata ukitukanwa. Na mzigo ukikushinda, kaa mbali nao uuache uanguke. "Gunia hushonwa," alisema.

Wataalamu wa ergonomia wamelipa fedha nyingi kuyajua hayo. Elimu hiyo ya kuilinganisha kazi na mwili wa mfanyakazi ilipewa jina na Mpolandi mmoja, Jastrzębowski, mwaka 1857, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, la kazi na la kanuni. Lakini mambo yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1700 daktari Ramazzini wa Italia alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo akawapa wachukuzi sura yao, akizieleza ngiri zinazowapata na jinsi miili yao inavyopinda.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopandana, na baina ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu chenye ute mzito ndani, kinachofanya kazi ya mto. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi aitwaye Alf Nachemson aliingiza sindano zenye kipimo ndani ya visahani vya watu walio hai, akaona kwamba mtu anayenyanyua kitu huku amepinda mgongo hukibana kisahani zaidi ya mara mbili kuliko aliyesimama wima. Sababu ni ile ile ya mtaimbo. Mzigo ukiwa mbali na mwili huwa mwisho wa mtaimbo mrefu, na misuli ya mgongo iko kwenye mwisho mfupi, ikivuta kwa nguvu nyingi zaidi ya uzito wenyewe.

Wamarekani wana hesabu waliyoitengeneza mwaka 1991 kwa ajili ya watu wanaonyanyua vitu kazini. Inaanzia kilo 23, na hizo ni pale mambo yote yalipo sawa: mzigo u karibu, una mahali pa kushikia, hakuna kujipinda, hakuna haraka. Mikono ikishika sentimita 25 mbele ya mwili, kilo ni hizo 23. Ikishika sentimita 50, zabaki 11 na nusu. Yule mzee na harufu yake ya gunia hakuwa akisema jingine.

Basi kama aliyajua yote hayo, mbona shingo haigeuki? Nilimwuliza. Alinijibu kwamba ni baridi, iliyomwingia kwa kulala sakafuni ghalani, na kwamba hujipaka mafuta ya karafuu. Hakuanguka na mzigo hata siku moja, na hilo alilisema kwa fahari. Sikumbishia. Mgongo wa mchukuzi mara nyingi hauvunjiki siku moja. Huliwa kidogo kidogo, kama kizingiti kinavyoliwa na mchwa, na siku ya kuuma mtu huwa ameinama kuokota kiatu.

GUNIA LENYE KILEMBA

Sasa twende sokoni na ile sehemu yetu moja ya tano. Kijana wa kilo 65 sehemu yake ni kilo 13. Shirika la Kazi Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 1967, lilisema mwanamume mzima asizidishiwe kilo 55, na panapozidi hatua zichukuliwe upesi za kupunguza. Gunia la mahindi tulilolizoea Kenya, na ambalo bei ya mahindi bado hutajwa kwalo, ni kilo 90. Na gunia la viazi lililoongezwa juu kwa wavu na kushonwa, ambalo wafanyabiashara wamelipa jina kwa kulifananisha na mtu aliyejifunga kilemba, na ambalo jirani zetu wa Tanzania huliita lumbesa, laweza kupita kilo 130. Kijana huyo anabeba vijana wawili kama yeye.

Angalia basi tulivyokwenda. Mpagazi wa karne ya kumi na tisa, frasila mbili. Hamali wa leo, frasila nane. Mtu atasema yule alikwenda miezi na huyu anakwenda hatua mia tu, na kweli. Lakini kisahani cha gegedu hakihesabu hatua. Kinahesabu uzito, na idadi ya magunia tangu alfajiri.

Kilemba hakikuwekwa kwa ajili ya hamali, kumpendelea wala kumkomoa. Kiliwekwa kwa sababu mkulima hulipwa kwa gunia, si kwa kilo, na anayenunua hupenda gunia liwe kubwa kadiri sindano iwezavyo kulifunga. Ndiyo maana katika mabishano yote juu ya gunia hilo anayetajwa ni mkulima anayepunjwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka mwisho kilo 50, na zilisifiwa kwa kumwokoa mkulima. Kama zingefuatwa zingeokoa na kiuno. Lakini lori linaloingia sokoni saa nane za usiku halina wa kulisubiri na mizani.

Na hapa ndipo ninaposema elimu ya kubeba inatumiwa vibaya. Kwa kuwa hamali ana ngata, ana mbinu, ana wenzake wa kumtwika na anaonekana kuweza, basi huongezewa. Ufundi uliotungwa kumlinda umegeuzwa ushahidi kwamba hahitaji kulindwa. Nimewasikia watu wazima wakisema wale wamezoea, wana shingo zao. Hakuna aliyezaliwa na shingo yake ya uhamali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru, na inamtaka ailinganishe kazi na mtu. Ya fidia nayo ilipitishwa mwaka huohuo. Tatizo ni neno mwajiri. Hamali wa Kongowea mwajiri wake ni nani? Mwenye lori? Dalali? Mama mwenye kibanda aliyemwita kwa kidole? Akiumia, kila mmoja atasema alimlipa gunia lake na wameachana salama.

Dawa nyingi si ghali. Jukwaa la saruji lenye kimo cha kitako cha lori huondoa kule kuruka na ule ubao. Toroli la magurudumu mawili hupita hata kwenye vichochoro vya Marikiti. Mkokoteni nao, nakiri naupenda, una hekima yake: ukipanga mizigo vizuri juu ya ekseli, mvutaji hasikii uzito mkononi, ukiirundika mbele inamkandamiza, ukiirundika nyuma inamwinua miguu hewani kama mtoto kwenye pembea. Kwenye mteremko huinua mishikio ili kile kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma kisugue lami, na hiyo ndiyo breki yake. Yote haya yamebuniwa na watu wasio na karakana, wala hakuna aliyewalipa senti kwa kubuni. Ila kifaa hakitasaidia ikiwa gunia lenyewe ni kubwa mno kwa mikono inayolipandisha humo.

Nilimwuliza kijana mmoja pale Kongowea, aliyekuwa akikunja ngata yake upya, angechagua lipi: gunia moja la kilo 100 au mawili ya 50. Alinitazama kana kwamba nimetoka ng'ambo.

"Malipo ni ya gunia au ya kilo?" aliniuliza.

Nikamwambia tuseme ni ya gunia, na bei haikushuka.

"Basi mawili. Lakini bei itashuka, ndugu yangu. Gunia likiwa nusu, watataka kulipa nusu, na safari ni mara mbili. Nenda ukawaulize wenye mali kwanza, kisha urudi uniulize."

Akaiweka ngata kichwani, akachutama chini ya kitako cha lori, na wenzake wawili wakalishusha.